Mwana Kupona: Mama mgonjwa aliyeagiza wino na karatasi

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu yale aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Ndugu msomaji, miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kutoa nasaha katika nikaha moja hapa mjini Songea. Kama ilivyo desturi ya masheikh wengi, nilimgeukia bi harusi nikamkumbusha usia wa Mwana Kupona kwa binti yake: kumtii mume, kumtunza na kutafuta radhi zake. Wanaume waliokuwa barazani waliitikia kwa furaha. Tulipokwisha kula, bibi yake bi harusi, mtu mzima sana, aliniita pembeni. Aliniuliza kwa upole, je, yule mama alianzaje kumuusia mwanawe? Maana haiyumkiniki, alisema, kuwa mama anayejiona anakaribia kufa afungue kinywa chake kwa habari ya mume tu.

Nasema kweli, nilibabaika. Sehemu ile ya mume niliihifadhi tangu ujana wangu, lakini yaliyotangulia na yaliyofuatia nilikuwa nayajua kwa mbali. Nilirudi nyumbani nikautafuta utenzi mzima, nikausoma mwanzo hadi mwisho. Leo nimeona ni vyema tuyaangalie maisha ya mama huyu, ambaye jina lake liko midomoni mwetu, ingawa wachache wetu tunamjua.

Nasaba yake na mji wa Siyu

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa katika kisiwa cha Pate karibu na mwaka 1810. Kisiwa hicho kimo katika visiwa vya Lamu, kaskazini ya mbali ya pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Kina miji mitatu mashuhuri ya kale: Pate, Siyu na Faza. Neno Mwana lililotangulia jina lake ni neno la heshima ambalo watu wa huko humwita mwanamke wa nyumba yenye hadhi, kama sisi tunavyosema Bibi.

Maisha ya ndoa ya Mwana Kupona yalifungamana na mji wa Siyu. Huo ulikuwa mji wa mafundi na wanavyuoni. Watu wake walisifika kwa kuchonga milango, kufanya kazi za ngozi na, zaidi ya yote, kunakili vitabu. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu, yenye nakshi za rangi, imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho na maktaba mbalimbali. Katika mji wa namna hiyo wino na karatasi havikuwa vitu vya ajabu, na elimu haikuishia kwa wanaume pekee. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo msichana aliyefundishwa kusoma Qur'ani alikuwa tayari ameshika ufunguo wa kusoma na kuandika lugha yake.

Mke wa Bwana Mataka

Mwana Kupona aliolewa na mtawala wa Siyu, Muhammad bin Is-haq, ambaye historia inamjua zaidi kwa jina la Bwana Mataka. Alikuwa mke wake wa mwisho, na Mwenyezi Mungu aliwaruzuku watoto wawili. Mmoja wao ni Mwana Hashima, yule binti ambaye usia aliandikiwa.

Bwana Mataka hakuwa mtawala wa maisha ya raha. Zama zile Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alikuwa akiiweka miji ya pwani chini ya bendera yake mmoja baada ya mwingine. Mombasa iliangukia mikononi mwake mwaka 1837. Siyu ilikataa. Katika miaka ya 1840 majeshi yaliyotoka mbali, wakiwamo Waarabu na Mabulushi, yalishuka katika kisiwa cha Pate kuja kuutiisha mji huo, na watu wa Siyu waliyarudisha nyuma. Ngome ya Siyu, ambayo ingali imesimama, ni kumbukumbu ya zama hizo za mapambano.

Hebu tafakari, ndugu msomaji. Mwanamke tunayemtaja katika harusi zetu kana kwamba hakujua lolote ila jiko na kitanda, aliishi ndani ya mji uliozingirwa na vita. Alikuwa nyumba moja na mtu aliyewindwa na dola kubwa kuliko zote za pwani hii. Anaposema juu ya subira na kulinda heshima ya nyumba, anazungumza mtu aliyeonja.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki dunia. Ni qadari ya Mwenyezi Mungu kuwa mwaka huo huo hasimu wake, Seyyid Said, naye alifia baharini akiwa safarini kutoka Oman kurejea Zanzibar. Wakuu hao wawili waliondoka duniani, na Mwana Kupona akabaki mjane, mwenye watoto, katika mji ambao mustakabali wake haukujulikana. Katika miaka ya 1860, zama za Seyyid Majid, Siyu nayo ilitiwa chini ya Zanzibar.

Mwaka wa maradhi

Miaka miwili hivi baada ya kufiwa, Mwana Kupona mwenyewe alikuwa kitandani. Maradhi yalikuwa yamemshika kwa muda wa mwaka mzima, na hakuwa amepata fursa ya kumpa binti yake neno la maana. Mwana Hashima alikuwa na umri wa miaka kama 17, umri wa kuolewa kwa desturi za wakati ule.

Mama anapoona ajali inakaribia, mara nyingi huwaita watoto akawaambia maneno machache, wakalia pamoja, na maneno yale yakaondoka na upepo. Mwana Kupona alifanya jingine. Alimwita binti yake akae mbele yake na wino na karatasi, kwa sababu moyoni mwake kulikuwa na maneno aliyotaka yaandikwe.

Huo ndio mwanzo wa utenzi wake, uliotungwa mwaka 1275 wa Hijra, ambao unaangukia miaka ya 1858 na 1859 Miladia. Una beti 102. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane, na kipande cha mwisho cha kila ubeti kinarejea kina kile kile, kama shanga kubwa inayotenganisha shanga ndogo katika tasbihi. Umbo hilo linamsaidia msikilizaji kuhifadhi kwa moyo, hata kama hajui kusoma. Yeye mwenyewe anaufananisha usia wake na hirizi ya kumkinga binti, na kidani cha lulu na marijani cha kumpamba.

Yaliyotangulia na yaliyofuatia

Sasa tulijibu swali la yule bibi. Mwana Kupona alianza na nini?

Alianza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume (s.a.w.). Kisha jambo la kwanza alilomuusia binti yake ni dini: asiache faradhi, na sunna azitende kila anapoweza. Jambo la pili ni adabu na ulimi mzuri, ili apendwe kila aingiapo. Jambo la tatu ni ukweli, awe mtu wa kuaminiwa. Akamtahadharisha na udaku, na kusengenya, na kuwadhania watu mambo ambayo hakuyaona kwa macho yake. Haya yote hayamhusu mke peke yake. Ni maadili ya kila Muislamu, mwanamume na mwanamke, na ukiyasoma utadhani unasikiliza darasa la akhlaqi msikitini.

Baada ya hapo ndipo anapotaja radhi tano ambazo mwanamke huzihitaji: radhi za Mwenyezi Mungu, za Mtume wake, za baba, za mama na za mume. Mume anakuja wa tano. Ni kweli kuwa anamzungumzia kwa kirefu, na kwa maneno mazito. Anamtaka binti amtumikie mumewe, asimkere, amtunze katika usingizi wake, mavazi yake na manukato yake, mpaka anamfananisha na mtoto mdogo asiyejua kusema. Wanavyuo wa fasihi wamebishana sana kuhusu sehemu hii. Wengine wameona humo unyonge wa mwanamke. Wengine wameona hekima ya mama anayemfundisha bintiye kuuongoza moyo wa mume kwa upole. Mimi nasema yote hayo hayatupi ruhusa ya kuikata sehemu hii na kuitupa jongoo na mti wake yale mengine. Wala hayampunguzii mume wajibu wake, kwani Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipokuwa nyumbani alikuwa akiwasaidia ahli zake kazi za nyumba.

Isitoshe, Mwana Kupona hakutoa usia huo kwa nadharia. Anamweleza binti yake jinsi yeye na baba yake walivyoishi kwa furaha na kicheko, bila ya yeyote kumvunjia mwenziwe heshima. Anaeleza jinsi mume wake, mauti yalipomfikia, alivyokariri kuwa yu radhi naye, na jinsi yeye tangu siku hiyo asivyoacha kumlilia. Zingatieni hapa, enyi wanaume. Heshima anayoisimulia ilikuwa ya pande mbili. Mume ambaye hajawahi kumpa mkewe kicheko hana haki ya kumsomea beti za Mwana Kupona.

Kisha utenzi unageuka kuwa dua ndefu. Mjane yule mgonjwa anamuomba Mola wake amponye, awalinde watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote. Na mwishoni usia ulioanza kwa binti mmoja unafunguka kwa wote, kwani anawaita wanawake wote wausome na waifahamu maana yake. Alijua, basi, kuwa anaandika kwa ajili ya watu ambao hatawaona.

Neno la haki

Uadilifu unatutaka tuseme na jambo lingine. Ndani ya utenzi huo Mwana Kupona anamkanya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Sisi wa Ruvuma hatuwezi kulipita neno hilo kimya kimya. Katika karne ile ile misafara ilitoka nchi za Ziwa Nyasa, ikapita katika ardhi hii yetu kuelekea Kilwa, na miongoni mwa waliofungwa minyororo walikuwamo mababu na mabibi wa watu wa huku. Mwana Kupona alikuwa mwanamke wa tabaka la watawala katika jamii iliyomiliki watumwa, na kalamu yake imebeba alama ya zama zake.

Tunamheshimu kwa elimu yake na mapenzi yake kwa mwanawe, na hapo hapo tunakumbuka kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alimweka Bilal (r.a.) juu ya Al-Kaaba kuadhini, na akafundisha kuwa ubora wa mtu ni ucha-Mungu wake. Maisha ya wema waliotangulia ni kioo cha kujiangalia, na kioo kizuri huonyesha na doa.

Kutoka mkononi hadi kitabuni

Mwana Kupona alifariki dunia katika miaka ya 1860, miaka michache tu baada ya kuandika usia wake. Mwana Hashima alibaki na karatasi. Kutoka hapo utenzi ulienea kwa njia ambayo vitabu vya Waislamu vimeenea tangu kale: mkono unanakili, sauti inasoma, sikio linahifadhi. Wanawake wa Lamu na visiwa vyake waliusoma majumbani na kuwafundisha mabinti zao. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne haukuwa na mtambo wa chapa wala duka la vitabu. Ulibebwa na wanawake.

Kati ya mwaka 1911 na 1913 mtaalamu wa Kiingereza, Bibi Alice Werner, alisafiri Afrika Mashariki akikusanya elimu ya lugha zetu. Mwaka 1917 aliuchapisha utenzi huu katika mfululizo wa vitabu vya utafiti vya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa kama kitabu chake chenyewe, kilichochapwa na Azania Press katika kijiji cha Medstead, Uingereza. Wataalamu hao waliwategemea sana waandishi wa Lamu wenyewe, na mashuhuri wao alikuwa Muhammad bin Abubakar Kijuma, bingwa wa khati na mchongaji, aliyewanakilia tungo nyingi za kale.

Chapa hiyo ya 1934 leo ni adimu. Hukaa katika maktaba kubwa za nje na katika mikono ya wanaokusanya vitabu vya zamani. Jambo la kuzingatia ni jina lililowekwa juu ya jalada lake kwa Kiingereza, jina linalomaanisha nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Tazama, mama aliyeanza na dini, adabu na ukweli, na akamalizia kwa dua ya Waislamu wote, alipewa jalada linalotaja jambo moja tu. Siwalaumu waliochapa, kwani bila ya kazi yao huenda tungepoteza mengi. Lakini nilipolifahamu hilo nilijiona na mimi katika ile nikaha. Nami nilikuwa nimemvika jalada lile lile.

Alhamdulillahi, baadaye utenzi ulirudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Amina Abubakar Sheikh na malenga Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu waliutoa kwa wasomaji wa Kiswahili, na J. W. T. Allen akauingiza katika mkusanyiko wake wa tendi wa mwaka 1971. Leo unasomwa mashuleni na vyuoni, Kenya na Tanzania.

Funzo kwetu

Ndugu zangu Waislamu, amana ya maandishi kuwa mikononi mwa mwanamke si jambo geni katika dini yetu. Kurasa za Qur'ani zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar (r.a.) zilihifadhiwa, baada ya kufariki Sayyidna Umar (r.a.), na binti yake Bibi Hafsa (r.a.). Ni kwake ndiko Sayyidna Uthman (r.a.) alikotuma kuziazima alipotaka misahafu inakiliwe. Na katika zama za Mwana Kupona mwenyewe, kule Sokoto, Afrika Magharibi, alikuwapo Nana Asma'u, binti wa Shehu Usman dan Fodio, aliyefariki mwaka 1864. Naye alitunga mashairi ya kuwafundisha wanawake dini yao, na akawatuma wanawake walimu waende vijijini. Wawili hao walikuwa pande mbili za Afrika, na kila mmoja alishika kalamu kwa ajili ya wenziwe.

Basi tujiulize, sisi wa Songea na vitongoji vyake. Ni mabinti wangapi wanatolewa madrasa mara tu wanapovunja ungo, kwa kuwa eti wamekwisha jua Yasini inatosha? Na ni akina mama wangapi wanaondoka duniani na nyiradi, visa, nasaha na nasaba za ukoo vifuani mwao, pasiwe na mtoto aliyekaa mbele yao na daftari?

Yule bibi aliyeniuliza swali siku ya nikaha amekwisha tangulia mbele ya haki. Nilikwenda kuzika. Nyumbani kwake nilisikia wajukuu wakisema kuwa alikuwa akijua kasida nyingi za zamani, alizofundishwa na mama yake, ambazo hakuna mwingine mtaani aliyezijua. Niliwauliza nani ameziandika. Walitazamana. Nami nikakumbuka kuwa niliwahi kukaa naye nikajibiwa swali langu kubwa, nikaondoka bila ya kumuuliza yeye hata moja.

Usia wangu wa Ijumaa hii ni mwepesi, na kila nyumba inauweza. Leo baada ya sala mpeleke binti yako kwa bibi yake, akiwa na kalamu na daftari la bei ndogo. Aketi mbele yake, amuulize, aandike kama anavyosikia. Mwana Kupona aliandika akiwa mgonjwa, mjane, katika mji uliochoshwa na vita, na kwa wino wake tunazungumza naye leo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) amrehemu Mwana Kupona binti Mshamu, awarehemu mama zetu waliotangulia, awape afya walio hai, na atujaalie kuwa wenye kusikia na kuhifadhi. Amin. Wabillahi tawfiq.